Taa Inayosema Upepo Umegeuka

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, mbele ya majirani zetu wa Mji wa Kale, Mombasa. Wengi waliotaka kuja hawakupata nafasi, kwa hivyo nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha nilizozionyesha ukutani nimeziacha, kwa kuwa kifaa chenyewe kilikuwa mezani na hapakuwa na haja nazo.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, vijana, assalamu alaykum, na mchana mwema kwenu nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya kifaa hiki kilicho mezani, ambacho nimewaona mkikitazama tangu mlipoingia bila ya kuuliza, kwa adabu tu. Ni fremu ya mbao ya picha, ya zamani. Pale ilipokuwa picha, sasa pana duara la taa kumi na sita ndogo, kisha mnara mwembamba wa taa upande wa kulia, na chini yake namba nyekundu. Hakitabiri kitu na hakitoi sauti. Kazi yake ni kuchukua vipimo vya kituo kidogo cha hali ya hewa kilicho juu ya paa la nyumba yetu, yaani upepo, mvua, joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, na kuvionyesha kwa mwanga ndani ya nyumba, mahali ambapo kila mtu hupita. Leo kimetoka nyumbani, kwa hivyo kinavipokea vipimo hivyo kupitia simu yangu.

Mtauliza: kwani simu haitoshi? Vipimo vyote si viko kwenye simu? Naam, viko. Nami kwa miaka miwili nilijibu hivyo hivyo, mpaka yalipotokea ya maembe.

Shangazi yangu hutengeneza achari, na baadhi yenu mmeila bila kujua mkono uliyoitia chumvi ni wa nani. Ulikuwa mwezi wa Novemba, maembe yameanza kuingia sokoni, na mvua za vuli bado hazijaaga. Asubuhi ile ilikuwa na jua kali, naye akaanika siniya sita za maembe yaliyokatwa vipande na kupakwa manjano na chumvi. Mimi nilikuwa chumba cha chini nikitia lehemu redio ya mtu. Simu yangu ilikuwa mikononi mwa mtoto, kwenye mchezo wa magari. Tulichosikia ni maji yakipiga mabati ya jiko, na tulipofika juu, maji ya manjano yalikuwa yakitiririka kwenye bomba la paa, na maembe yakielea ndani ya siniya kama samaki wa pambo.

Jioni nilifungua kumbukumbu za kituo. Saa 7:10 mchana upepo uliacha kuvuma kutoka matlai, yaani mashariki, ukageuka ghafla na kuvuma kutoka bara. Ndani ya dakika nane joto lilishuka kutoka nyuzi 31 hadi nyuzi 27. Tone la kwanza lilihesabiwa saa 7:22. Dakika kumi na mbili nzima! Wavuvi walio humu hawashangai, maana upepo ule wa baridi unaotangulia mvua wanaujua tangu utotoni. Mvua inapoanguka kutoka wingu kubwa, sehemu ya matone hugeuka mvuke ikiwa bado angani, hewa inayoyazunguka inapoa, inakuwa nzito, inaporomoka, na ikifika chini hutawanyika mbele ya mvua yenyewe. Mwenye kuusikia mwilini hukusanya nguo zake. Aliye ndani ya nyumba ya mawe, madirisha yamefungwa kwa sababu ya jua, hausikii.

Nikamweleza shangazi yote hayo, kwa fahari kidogo, nikimwonyesha mchoro wa joto ulivyoporomoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: "Kwa hivyo chombo chako kilijua?" Nikamjibu kwamba kilijua. Akasema: "Kikamwambia nani?"

Kikamwambia nani? Ndugu zangu, sijapata kuulizwa swali zito kuliko hilo katika kazi yangu yote ya kutengeneza redio na vipokezi. Kipimo kilichokaa ndani ya simu ya mtu mmoja ni mali ya mtu huyo, na pia ni mateka wa mtu huyo: akilala, kimelala, akiondoka, kimeondoka naye. Kinachoning'inia ukutani na kuwaka ni cha nyumba nzima, cha mtoto na cha mgeni pia.

Nilipoanza kusoma nikakuta swali la shangazi limewahi kuulizwa mbali na hapa. Uingereza palikuwa na nahodha wa jeshi la majini, Robert FitzRoy, yule aliyeongoza meli ya Beagle iliyomchukua Charles Darwin. Mwaka 1854 alipewa idara mpya ya hali ya hewa, naye akaona kwamba wavuvi maskini wa pwani wanakufa kwa dhoruba ambazo barometa, yaani vipima mgandamizo wa hewa, za matajiri zilikuwa zimekwisha kuzionyesha majumbani mwao. Akafanya mpango barometa ziwekwe hadharani kwenye bandari za wavuvi, kubwa na rahisi kusomeka, ili mtu azitazame kabla ya kufungua chombo. Mwaka 1859 meli iitwayo Royal Charter ilivunjwa na dhoruba pwani ya Wales na watu zaidi ya 400 wakafa, na baada ya hapo FitzRoy akaanza kutuma maonyo bandarini kwa telegrafu, simu ya waya. Lakini barometa za ukutani zilitangulia. Naye, nadhani, alikuwa amejiuliza: kikamwambia nani?

Na kule Boston, Marekani, kuna jengo refu lililokamilika mwaka 1947, ambalo tangu 1950 lina mnara wa taa juu yake unaotoa habari za hali ya hewa kwa mji mzima. Buluu iliyotulia maana yake anga ni safi, buluu inayopepesa ni mawingu yanakuja, nyekundu iliyotulia ni mvua, na nyekundu inayopepesa ni theluji. Isipokuwa wakati wa kiangazi, ambapo theluji haipo, nyekundu inayopepesa humaanisha kwamba mechi ya besiboli imeahirishwa. Watoto wa kule hujifunza mashairi mafupi ya kuzikumbuka rangi hizo. Nimekipenda kisa hiki kwa sababu moja: hakuna namba hata moja pale juu.

Sasa nije kwenye kosa langu la kwanza, ambalo lilikuwa ni namba. Kituo cha dukani huja na kioo chake kidogo, na kile changu kilikuwa na namba kumi na saba kwa hesabu yangu, zote za ukubwa mmoja, pamoja na herufi za Kiingereza za pande za dunia. Nilikitundika sebuleni. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hai wakati ule. Alikuwa akisoma khati za Kiarabu vizuri sana, na herufi za Kirumi kwa shida. Akakitazama siku tatu, siku ya nne akaniuliza: "Mjukuu wangu, Kaskazi iko wapi hapa?"

Kaskazi haikuwamo. Matlai haikuwamo, umande haumo, kusi haimo. Mwanamke ambaye baba yake alihesabu miongo kutoka Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, siku kumi kumi mpaka mwaka unakwisha, ili ajue lini bahari inafunguka, alikuwa amewekewa ukutani hali ya hewa ambayo haina jina hata moja analolijua. Ndipo nilipotafuta fremu hii. Taa kumi na sita za duara ni pande kumi na sita za upepo, na pembeni mwa zile kuu nimeandika kwa mkono: Kaskazi, Matlai, Kusi, Umande, kwa khati mbili. Taa inayowaka ndiyo upande upepo unakotoka. Ukiwa mdogo, taa ni ya kijani, ukizidi inakuwa ya manjano, na ukifikia kiwango cha kuangusha vitu vya paani inakuwa nyekundu. Asubuhi wakati huu wa kaskazi taa huwaka upande wa umande, upepo mwembamba wa kutoka nchi kavu, kisha jua likipanda mwanga huzunguka taa moja baada ya nyingine mpaka ukakaa baina ya kaskazi na matlai. Nyanya alikuwa akikaa na kikombe chake cha kahawa akiungoja uzunguke. Alisema ni kama kumwona mtu akigeuka kitandani.

Naomba sasa mniruhusu nikae kidogo kwenye jambo ambalo mimi mwenyewe limenifurahisha kuliko yote, nalo ni mgandamizo wa hewa, yaani uzito wa hewa iliyo juu yetu.

Vituo vingi vya dukani vina kijipicha cha jua, wingu au mvua, na kazi yake ni kutabiri. Siri yake ni nyepesi: mgandamizo ukishuka ndani ya saa chache, kinaonyesha mvua, ukipanda, kinaonyesha jua. Kijipicha changu kilikuwa kikionyesha mvua takriban kila alasiri. Mvua hainyeshi. Kesho yake alasiri, mvua tena, na anga nyeupe pe! Mke wangu akawa anakiita "yule mwongo wa saa kumi". Nilidhani kimeharibika, nikabadilisha kihisi, na kihisi kipya kikasema uwongo ule ule, saa ile ile.

Nikachukua vipimo vya wiki sita nikavipanga kwa saa badala ya kwa siku, na hapo ndipo nilipoona. Mgandamizo wa hewa hapa kwetu hupanda na kushuka mara mbili kila siku. Unafika juu kama saa nne asubuhi, unashuka mpaka chini kama saa kumi alasiri, unapanda tena mpaka saa nne usiku, kisha unashuka mpaka saa kumi alfajiri. Tofauti yake ni hektopaskali (kizio cha mgandamizo) mbili au tatu hivi, siku ya jua na siku ya mawingu, masika na kiangazi.

Mwanamombasa akisikia kitu kinachojaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, anafikiria nini? Bahari! Na ndivyo hasa: hewa nayo ina maji yake kujaa na maji yake kupwa. Tofauti ni kwamba bahari huvutwa zaidi na mwezi, ndiyo maana maji kujaa na kupwa huhama saa zake kila siku, lakini wimbi hili la hewa husababishwa hasa na jua linapoipasha joto anga ya juu, kwa hivyo halihami saa. Wimbi hili lina saa mkononi. Wataalamu wanalijua jambo hili tangu zamani, na wanajua kwamba lina nguvu zaidi karibu na ikweta. Kule Ulaya, ambako kanuni ya kijipicha ilibuniwa, wimbi hili ni dogo sana na mifumo ya dhoruba inayopita hulifunika kabisa, kwa hivyo mgandamizo ukishuka kweli kuna jambo linakuja. Sisi tuko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta. Kwetu mgandamizo ukishuka alasiri, maana yake ni kwamba ni alasiri.

Kwa hivyo kifaa hakikuwa kibovu wala hakikuwa mwongo. Kilikuwa mgeni. Nilichofanya ni kukiambia kisilinganishe mgandamizo wa sasa na wa saa tatu zilizopita, bali kiulinganishe na wastani wa saa hii hii kwa siku kumi za nyuma. Taa ile ndogo ya buluu chini ya fremu huwaka pale tofauti inapozidi hektopaskali mbili. Katika mwaka mzima imewaka mara chache sana, na nyumbani ikiwaka, watu husimama kuitazama.

Kuhusu mnara wa mvua sitasema mengi. Kila taa ni milimita mbili, na milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila mita mraba. Paa lenye mita mraba 80 likipata milimita 10, hizo ni lita 800, mitungi arubaini ya lita ishirini ambayo hukumlipa mtu wa mkokoteni. Jirani yetu mmoja huchungulia dirishani kwetu kutazama mnara: taa mbili za kwanza zikipita, anajua paa lake limekwisha kuoshwa vumbi na kinyesi cha kunguru, ndipo anapogeuza bomba liingie tangini. Mimi sikuwa nimefikiria matumizi hayo hata kidogo.

Vijana wameniuliza kabla ya mkutano kinavyotengenezwa, nami nitawaonyesha baadaye mmoja mmoja, lakini nitataja mambo ambayo yaliniumiza ili yasiwaumize. Taa hizi ni za LED, za aina ambayo kila moja unaiamrisha rangi yake peke yake, na ubongo wake ni chipu ya ESP32 ambayo ni ndogo kuliko kibiriti. Kila taa ikiwaka nyeupe kwa nguvu zake zote inaweza kunywa hadi miliampea 60. Taa sitini za fremu nzima zikiwaka pamoja hizo ni ampea tatu na nusu na zaidi, na mimi niliziunga kwenye chaja ya simu. Chaja iliyeyuka ubavuni, na harufu yake ilikaa sebuleni siku mbili. Sasa mwanga haupiti sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na niamini, unatosha. Kwa kweli unazidi. Usiku wa kwanza niliouacha uwake bila kuupunguza, duara lile lilimulika mpaka uchochoroni, na asubuhi mama mmoja akabisha hodi kuuliza kama tuna harusi ambayo hakualikwa. Jicho dogo la kupima mwanga sasa huufifisha usiku, na baada ya saa nne kila kinachowaka huwa chekundu hafifu, kwa sababu wekundu hafifu haumwamshi macho mtu anayekwenda kunywa maji. Wanamaji wanalijua hilo. Chumba cha usukani usiku hakiwashwi taa nyeupe.

Jingine ni kuta zetu. Kituo cha paani huongea na kipokezi kwa mawimbi ya redio ya megahezi 433, na maelezo ya karatasini yanasema yanafika mita mia moja. Hayo ni mita mia moja za uwanjani. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene wa karibu nusu mita, zilizameza kila kitu orofa mbili chini. Niliishia kukiweka kipokezi kwenye shimo la ngazi, ambako hewa na redio hushuka pamoja.

Na kipimajoto, tafadhali, kisiwekwe juu ya mabati. Changu kiliwahi kusoma nyuzi 41, nami nikawatangazia watu. Ilikuwa joto la mabati, si la Mombasa. Kiwekwe kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye vibao vya mshazari kama vya madirisha yetu ya kale, hewa ipite na jua lisiguse.

Sasa nasema jambo ambalo wauzaji hawatawaambia. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, Tanzania, zaidi ya kilomita 400 kusini mwetu. Idara ya hali ya hewa ilitoa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa kwa pwani yetu. Kijana mmoja wa mtaani, ambaye alikuwa na safari ya kuvua, alikuja nyumbani kutazama duara. Taa ilikuwa ya kijani. Akaniambia: "Ami, mbona hapa pametulia?" Nilimshika mkono, nikamwambia kwamba taa hii inajua paa la shangazi yako tu, na bahari haiko juu ya paa. Hakwenda. Kifaa hiki husema kinachotokea hapa, sasa. Kinachotokea kule, na kitakachotokea kesho, kina wenyewe wanaokitazama kwa setilaiti, na onyo lao likitoka, fremu ya picha haina hoja.

Nilikuwa na mengine ya kusema juu ya chumvi ya bahari na namna inavyokula viungo vya waya, lakini mwenyekiti amenionyesha saa, nami nina sababu yangu ya haraka. Maswali nitayapokea, ila yawe mafupi. Shangazi hakuja leo kwa kuwa ana siniya nne za maembe juani tangu asubuhi, na nilipokishusha kifaa hiki ukutani alisimama mlangoni akiutazama msumari mtupu. Ameniambia kirudi kabla ya magharibi, na kwamba tone likidondoka hata moja kabla sijarudi, mimi ndiye nitakayeila achari hiyo yote.